Mbuzi Aliyegoma Kutikisika

Waliokosa gazeti la wiki iliyopita wasijilaumu, matatizo yetu hayajaenda popote. Nawapa kwa kifupi, halafu tuendelee, maana nina habari mpya mpaka ulimi unaniwasha.

Mimi ni Prativa Gaha, msomi wa kilimo, kitinda mimba wa Mzee Khim Bahadur wa hapa Kaphalbot, Gulmi, kwenye milima ya Nepal. Baba alikaa miaka mingi jangwani Uarabuni akiwajengea watu maghorofa. Akarudi na mgongo mbovu, redio kubwa, na ahadi kwamba haondoki tena.

Hiyo ahadi niliidaka mimi. Nikamwambia, Baba, kahawa tunayo kwenye matuta, tufuge na mbuzi humo humo. Miti ya kivuli inatoa majani, majani wanakula mbuzi, mbuzi wanatoa samadi, samadi inarudi kwenye kahawa. Kahawa inalipa mara moja kwa mwaka, tena chama cha ushirika kikijisikia. Mbuzi wanalipa sikukuu ya Dashain, pale nchi nzima inapotaka nyama kwa mpigo. Hela ya mbuzi inatuvusha mpaka hela ya kahawa ije, ya kahawa inatuvusha mpaka Dashain nyingine, na Baba anabaki nyumbani anakunywa chai.

Mchoro wa mpango huo niliuchora kwa kalamu za rangi. Ni mchoro mzuri sana. Kwenye mchoro ule hakuna anayeugua, hakuna anayekufa, na hakuna bibi.

Sisi tuna bibi.

Kiangazi kilichopita funza weupe waliingia kwenye mashina ya kahawa, wakawa wanayatoboa kama wamelipwa. Mimi na Mama tukasugua mashina kwa magunia, tukang'oa yaliyooza tukayachoma, mengine tukayapiga mkojo wa mbuzi uliochachuka. Nilinuka kiasi kwamba ujumbe wa posa uliokuwa unakuja kwetu ulifika kwenye geti ukakumbuka una shughuli kwingine.

Bibi Belmaya, mama yake Baba, yeye hakusugua kitu. Alipanda mlimani kwenye hekalu la mungu wetu wa kike, Mama Kalika, akaweka nadhiri. Kahawa ikipona, Mama Kalika atapata mbuzi.

Kahawa ikapona. Sasa niulizeni pongezi zilikwenda kwa nani.

Wiki iliyopita niliwaacha pale Bibi alipofungua mdomo kutaja ni mbuzi yupi. Wengi wenu mmekisia vizuri, na sitoi zawadi.

Ni Subedar.

Kama hamumjui Subedar hamjui kitu. Ni beberu wetu mwenye damu ya Boer, ukoo wake umetoka Afrika Kusini huko, sisi tulimpata mjini Butwal kwa hela ya mwisho ya Baba ya Uarabuni. Ana kifua kama mlango. Jina ni cheo cha babu yangu jeshini, na Bibi aliponuna kwamba tunamdharau marehemu, Baba alimjibu kwamba mbuzi huyu angalau anarudi nyumbani jioni.

Subedar ndiye mpango wenyewe. Vitoto vyake vinatoka vinene, vinakua haraka, sokoni vinagombewa. Majirani wanaleta majike yao kwake, wanalipa kwa hela au kwa mizigo ya majani. Beberu wa kawaida anakupa kambuzi kembamba ambako mnunuzi anakatazama kwa huruma. Bila Subedar hela ya mbuzi haituvushi popote, bila hela ya mbuzi kahawa peke yake haitulishi, na asiyelishwa na shamba hapa kwetu anapanda ndege.

Nikamwambia Bibi haya yote, kwa heshima zote za chuo. Alikuwa anachambua dengu, hakuinua hata jicho.

"Ulitaka nimwahidi Mama Kalika kambuzi ka mkiani?" akasema. "Amekuponyeshea shamba zima, umpe kitu chenye kikohozi?"

"Tulisugua mashina, Bibi. Mimi na Mama. Viganja vilichubuka."

"Na nani aliwapa viganja?"

Nikaachana na viganja.

Nikajaribu kumbadilisha mbuzi. Akasema haiwezekani, amemtaja kwa jina, kwa rangi na kwa pembe. Nikajaribu Dashain ya mwakani. Akasema hata wakopeshaji wa Butwal hawafanyiwi hivyo. Nikamkimbilia Baba, aliyekuwa ukumbini anafunga shoka mpini mpya.

Baba akagonga mpini mara mbili. Halafu akasema, "Nadhiri ni ya Bibi yako. Tutaona."

Mama akageuka akaingia jikoni. Nyumbani kwetu neno "tutaona" lina historia yake. Baba alilisema kabla ya safari ya kwanza, na ya pili, na ile aliyoondoka mimi nina surua.

Basi nikakaa chini nikafikiri kama msomi.

Kwetu hapa mbuzi wa kafara hachinjwi hivi hivi kama nyanya inavyokatwa. Anamwagiwa maji kichwani, na mchele, na maua. Akijitikisa, amekubali. Asipojitikisa, anasubiriwa. Akiendelea kusimama tu, Mama Kalika hamtaki, anarudi kwao, na nadhiri inalipwa kwa nazi. Hivyo ndivyo ilivyo tangu zamani, na Bibi mwenyewe ndiye aliyenifundisha.

Nazi! Nazi inauzwa dukani kwa Shangazi Jasmaya, karibu na sabuni.

Chuoni tulikuwa na somo la tabia za mifugo. Mwalimu alikuwa anasinzia yeye mwenyewe, lakini jambo moja lilinikaa. Mnyama akikutana na kitu kila siku, na kitu hicho hakimletei madhara, anakizoea mpaka hakioni tena.

Kuanzia kesho yake, kila asubuhi nikawa nampelekea Subedar maji, na mahindi mfukoni.

Siku ya kwanza nilimmwagia kichwani akajitikisa mpaka mimi ndiye niliyeoga. Nikamnyima mahindi. Akanitazama kama karani aliyenyimwa chai. Kesho yake akajitikisa kidogo, nikampa punje. Siku iliyofuata akatulia, nikampa konzi nzima. Nikaongeza mchele. Nikaongeza maua ya njano, aliyala. Haikupita muda mrefu ungeweza kummwagia ndoo, yeye anasimama tu macho mbele, anasubiri mahindi yake kama mstaafu kwenye foleni ya pensheni.

Shangazi Jasmaya alinikuta siku moja nammwagia mbuzi maji na maua alfajiri. Akashika kifua. Kufikia mchana kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba binti msomi wa Khim Bahadur amemrudia Mungu, chuo hakikumharibu kama watu walivyosema. Ule ujumbe wa posa ukatuma salamu.

Bibi alifurahi mpaka akanipikia sel, yale maandazi duara ya mchele ambayo kwa kawaida tunayasubiri mpaka sikukuu. Nilikula. Nilikula zote, bila kumtazama machoni.

Siku ya nane ya Dashain ikafika.

Tukapanda mlima wote. Bibi mbele na sari mpya nyekundu, Baba akimvuta Subedar, Mama na kikapu cha maua, mimi nyuma na begi. Ndani ya begi kulikuwa na nazi. Niliichagua nzuri, isije ikasemekana familia yetu ni bahili.

Hekaluni foleni ilikuwa ndefu kuliko ya wakala wa pasipoti. Watu na mbuzi, kuku, ngoma, moshi wa ubani. Zamu yetu ilipofika, mhudumu wa hekalu, Mzee Narbir, akamtazama Subedar juu mpaka chini, akasema huyu ni mbuzi au ni mwenyekiti wa kata. Bibi akavimba kwa fahari. Jamaa mwenye khukuri akapangusa kisu chake kwenye suruali.

Mzee Narbir akasoma anayosoma, akainua kopo la shaba, akammwagia Subedar maji kichwani na shingoni.

Subedar akasimama.

Mzee akangoja. Akaongeza mchele. Akammwagia tena. Subedar akageuza macho taratibu upande wangu, bila shaka akiulizia mahindi, mimi nikatazama milima.

Nyuma yetu watu wakaanza. Mmoja akauliza kama mbuzi huyu ni wa kuchonga. Mwingine akasema labda ni kiziwi. Mama mmoja mwenye kuku wawili akatuomba kwa upole tusogee pembeni tukazungumze naye kifamilia.

Bibi akainama mbele ya beberu, akaunganisha viganja.

"Subedar, baba," akamwambia, kwa sauti ambayo naapa hakuwahi kuitumia kwa babu yangu. "Kubali basi. Watu wanatuangalia."

Maji kwa mara ya tatu. Maua. Ua moja likatua puani, Subedar akalila.

Mwenye khukuri akakaa chini. Mzee Narbir akarudisha kopo, akafuta mikono, akatamka kwamba Mama Kalika hamtaki mbuzi huyu.

Nilikuwa nimeshatia mkono kwenye begi. Nilikuwa nimeshaishika nazi, nimeshatengeneza na uso wa masikitiko. Nikasema, kwa unyonge unaofaa, "Basi Mzee, kama ndiyo hivyo, bahati nzuri..."

"Ngoja," akasema Mzee Narbir. "Bado."

Akamgeukia Bibi. Akasema mbuzi wa kawaida akikataliwa, nazi inatosha. Huyu ametajwa kwa jina, kwa rangi na kwa pembe. Mbuzi aliyetajwa hivyo hakataliwi kwa kosa lake. Anakataliwa kwa sababu katika nyumba hiyo kuna mtu amesimama mbele ya Mama Kalika na uongo mkononi.

Mkono wangu ulikuwa na nazi.

"Nani?" akauliza.

Foleni nzima ikasogea mbele kusikia, hata wale kuku. Bibi akageuza kichwa polepole, akanitazama mimi, na nikaziona sel zote alizonipikia zikipita machoni mwake moja moja. Nikasema moyoni, Prativa, sema yaishe. Sema nilimzoesha maji. Mbuzi mzima, Mama Kalika hajakataa kitu, mwenye makosa ni mimi na yule mwalimu anayesinzia.

Nikafungua mdomo.

"Ni mimi," akasema Baba.

Nikaufunga.

Baba alikuwa ameshika kamba ya Subedar kwa mikono yote miwili na anatazama chini. Akasema wakati wa wale funza, alipotuaga kwamba anakwenda Butwal kununua pampu ya kunyunyizia dawa, hakwenda dukani. Alikwenda kwa wakala wa kazi za ng'ambo. Alisaini. Pasipoti iko huko huko. Anaondoka mwezi ukishakuwa mpevu, Dashain ikimalizika.

"Unakwenda wapi?" Bibi akamuuliza, kana kwamba kuna nchi nyingine.

"Kule kule, Mama. Wanataka msimamizi. Si kubeba mizigo safari hii."

"Na mgongo?"

"Msimamizi anasimama tu."

Mama yangu aliweka kikapu cha maua chini, akakaa kando yake kwenye vumbi, na sari yake ya sikukuu.

Na mimi? Mimi nilisimama pale na nazi yangu. Wakati wa wale funza ndiyo wakati nilipokuwa nasugua mashina mpaka viganja vinachubuka, nikimwambia Mama vumilia, Baba akirudi na pampu mambo yatakuwa mepesi. Alirudi mikono mitupu, akasema pampu zimekwisha dukani. Nikamwamini. Nikamchemshia na maji ya kuoga. Mchoro wangu ule mzuri bado ulikuwa ukutani, na yeye alikuwa anaupita kila siku akienda kulala, akiwa ameshasaini.

Nikataka kumkasirikia. Nikajipangia maneno makali kabisa. Halafu akili yangu ya chuo, ambayo huwa inachelewa, ikafika.

Ikaniambia, hebu tulia. Ukisema ukweli sasa hivi, Mama Kalika atakuwa hajakataa chochote. Subedar atatafutiwa njia ya kutikisika, kichwa chake kitakwenda. Mpango umekufa. Na Baba ameshaungama mbele ya watu, ataondoka na roho nyeupe.

Ukinyamaza, Baba anaamini Mama Kalika mwenyewe amemzibia njia. Na Baba, huyu aliyedanganya nyumba nzima bila kupepesa, Mama Kalika anamwogopa. Atabaki. Na Subedar atabaki. Mimi ndiye nitakuwa mwongo pekee hekaluni, na kazi hiyo nilikuwa nimeshaizoea.

Nikanyamaza. Nikaweka na uso wa mtoto aliyeonewa, haukuhitaji kazi kubwa.

Mzee Narbir alifikiri, akishika ndevu zake tatu. Kisha akaamua. Aliyekuja na uongo ameutoa. Sasa yeye mwenyewe achukue kopo ammwagie mbuzi, kwa mkono wake. Mbuzi akitikisika, nadhiri imepokelewa na njia ya Khim Bahadur iko wazi, aende salama. Asipotikisika, njia imefungwa, ivunjwe nazi, na kesho pasipoti ikachukuliwe kwa wakala.

"Na hayo ndiyo ya mwisho," akasema. "Kuna watu nyuma."

Mama mwenye kuku akasema hewala.

Wasomaji wangu, nilitaka kucheka. Nilijiuma ndani ya shavu. Mwageni kopo, mwageni ndoo, leteni mto wote uliopo bondeni, Subedar hatatikisika. Kazi hiyo niliifanya kila asubuhi kwa mikono yangu. Mambo yangu yalikuwa hayajawahi kwenda vizuri namna hii tangu nizaliwe, na hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka.

Baba akavua viatu. Akapokea kopo la shaba, likajazwa. Bibi akafumba macho akaanza kunong'ona. Mama pale chini akainua uso, akamtazama Baba, na sikujua anaomba nini.

Baba akaja upande wangu.

"Kanchhi," akaniita, yaani binti wa mwisho, kama anavyoniita tangu mdogo. "Nishikie kamba."

Nikaishika. Akainama kama mtu anayekaza fundo, kichwa chake karibu na changu, nikasikia harufu ya mafuta ya haradali aliyopaka nywele kwa ajili ya sikukuu. Na kwa sauti ndogo, ile ya kuulizana kama ng'ombe amekamuliwa, akaniuliza:

"Umemzoesha kichwa tu, au na masikio?"

Nikaikaza kamba mkononi.

Anajua. Kwa hiyo alijua tangu tukiwa nyumbani. Alijua tukipanda mlima, alijua Mzee Narbir akimwaga mara ya kwanza na ya pili na ya tatu. Alijua kabisa Mama Kalika hajamwambia kitu, na bado akasimama mbele ya watu akasema ni mimi. Kwa nini? Kunikinga mimi nisiseme? Au alitaka asikike na watu wote, apate wa kumzuia?

Masikio sikuwahi kuyagusa. Haikunijia akilini. Na mbuzi ukimtia tone moja sikioni atatikisika, awe mzoefu, awe Subedar, awe amekufa jana.

Sasa Baba ameuliza na anasubiri. Nikimwambia kichwa tu, atajua pa kumwaga akitaka kwenda. Atajua na pa kukwepa akitaka kubaki. Nimemtazama usoni mtu huyu maisha yangu yote, kwenye simu, kwenye picha, kwenye uwanja wa ndege, na nilimtazama tena pale nikitafuta jibu gani analitaka, la kukaa au la kwenda.

Sikuliona.

"Kanchhi," akasema tena, taratibu kabisa. Kopo lilikuwa limeshaanza kuinama.